Irma Thomas na chati iliyofungwa

Kila anapotajwa Irma Thomas, mwimbaji wa R&B (muziki wa Wamarekani weusi) wa New Orleans, hutokea mtu wa kumsikitikia: sauti kama ile, mbona hakufika alikofika nyota mwenzake Aretha Franklin? Wanaouliza hivyo hawasemi uongo. Mwaka 1964 alirekodi "Time Is on My Side", ikawekwa upande wa pili wa santuri, ule usiotangazwa sana. Mwaka huohuo Rolling Stones, bendi ya Waingereza, wakaipiga na kufika nafasi ya 6 Marekani. Mwaka 1969 kimbunga Camille kikavuruga kazi za muziki pwani ya Ghuba ya Meksiko, akahamia California, akawa muuzaji katika duka la Montgomery Ward. Anayeona hapo kipaji kikipotea simlaumu.

Kinachonikera ni kipimo. Wimbo wake uliopanda juu kuliko zote, "Wish Someone Would Care", aliutunga mwenyewe, na mwaka huo wa 1964 ukafika nafasi ya 17 katika chati kuu ya jarida la Billboard, yaani orodha ya nyimbo zinazovuma. Na katika chati ya R&B je? Chati hiyo haikuwapo. Billboard waliisimamisha Novemba 1963, wakairudisha Januari 1965. Yaani katika mwaka wake bora kabisa, jarida lililokuwa likihesabu wasikilizaji weusi lilikuwa limefunga daftari. Watu wake walinunua santuri, wakaomba ichezwe redioni, na katika Billboard hakuna mstari unaoonyesha walimweka nafasi ya ngapi. Ile 17 ni hesabu ya soko zima, mwaka ambao Beatles waliingia Marekani na kuzoa kila kitu. Halafu namba hiyohiyo ndiyo inatolewa leo kama ushahidi kwamba hakufika mbali!

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katikati ya miaka ya 1970 Irma alirudi kwao. Baadaye yeye na mumewe wakaendesha klabu ya Lion's Den, ambako mteja aliweza kula wali na maharage mekundu yaliyopikwa na mwimbaji mwenyewe, kisha akamwona akipanda jukwaani. Siku ya Mama, mwaka baada ya mwaka, familia zilikwenda bustani ya wanyama ya Audubon kumsikiliza. Ni nyota wangapi wa 1964 waliopata ajira ya namna hiyo?

Mafuriko ya kimbunga Katrina mwaka 2005 yalichukua nyumba yake na klabu. Februari 2007, akiwa amebakiza wiki moja kutimiza miaka 66, akapata tuzo yake ya kwanza ya Grammy kwa albamu ya "After the Rain".

Kuna wakati aliacha kabisa kuimba "Time Is on My Side", kwa sababu watu walidhani anawaiga Waingereza. Mei 2024 Rolling Stones walikuja kupiga kwenye tamasha la muziki la Jazz Fest, mjini kwake. Mwimbaji wao, Mick Jagger, akamkaribisha jukwaani, wakaimba wimbo ule pamoja. Irma alikuwa na miaka 83, na Jagger ndiye aliyekuwa mgeni.