Trekta Yangu ya Mbao Si Picha ya Katalogi

Rafiki yangu aliniletea mgeni hapa Kiamunyi, Nakuru, Jumamosi iliyopita. Hata chai hajaigusa, ameshainyanyua trekta yangu ya mbao, anaigeuzageuza kama mnunuzi wa papai sokoni. Kisha akatoa simu, akafungua picha ya Massey Ferguson 135 iliyooshwa ikang'aa, imeegeshwa kwenye nyasi za Uingereza, akaanza kunisomea mashtaka. Madigadi hazilingani. Grili si yake. Paa la mabati halipo kwenye picha. Nati za gurudumu la nyuma zinatakiwa nane, hapa ziko saba. Na haka kamkebe juu ya egzosi ni ka nini, boss?

"Kazi ni safi," akamaliza kwa sauti ya kunihurumia. "Lakini si orijino."

Mke wangu alinitupia jicho la kuniambia nyamaza, huyu ni mgeni. Nikanyamaza. Lakini hapa ni kwangu, na mke wangu huwa hasomi ninayoandika, basi acha niseme.

Trekta niliyoichonga ipo. Iko kwa mzee mmoja upande wa Mau Narok, imepandishwa juu ya mawe chini ya mkaratusi, na miaka yake ya kazi ilikuwa ikilimia watu kwa malipo ya ekari. Sisi watoto tuliisikia kabla ya kuiona. Ile injini ya Perkins ya silinda tatu ina mlio wake, na kila mama aliyekuwa na kishamba alijua kutoka jikoni kwamba leo mzee yuko kwa fulani, kesho huenda akafika kwetu. Kabla sijagusa msumeno nilipanda huko na futi, kamba na makatoni ya kukatia violezo. Mzee akavuta kigoda akakaa. Mimi napima, yeye anasimulia, na kila nilipoweka mkono palikuwa na kisa.

Madigadi ya kushoto, kwa mfano. Ile iliyokuja na trekta ilikunjwa na mti, siku dereva wa kibarua alipolazimisha kupita pasipopitika. Fundi wa jua kali mjini Nakuru alikuwa na Ford iliyokufa uani kwake. Akakata madigadi yake, akaichomelea kwa mzee, ikakaa. Ilikuja na buluu yake, na buluu ikabaki, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na hakuna mtu aliyekuwa na wakati wa kutafuta rangi nyekundu huku watu wanapanga foleni kulimiwa.

Sasa mimi sipaki rangi. Kila rangi utakayoiona kwenye trekta yangu ni ya mti wenyewe. Boneti na madigadi ya kulia ni mahogani, masalio niliyopewa na fundi wa sofa. Chesisi na vyuma vyote vya chini ni mutamaiyo, ule mti mgumu unaotafuna meno ya msumeno. Rimu ni jacaranda, nyeupe na laini kwa patasi. Na madigadi ya kushoto ni grevilea, ile yenye mabakabaka, makusudi kabisa, ili hata mtu asiyejua lolote ajiulize kwa nini. Mgeni wangu alijiuliza. Shida yake ni kwamba hakusubiri jibu.

Grili nayo. Mzee alipokuwa akivuta trela wakati wa mavuno, mabua na makapi ya ngano yalikuwa yakijaa kwenye rejeta mpaka injini inachemka katikati ya shamba. Grili ilipochakaa akaing'oa, akafunga waya wa kuku, kwa sababu unaweza kuupangusa kwa kiganja bila kushuka na spana. Hiyo ni akili. Hiyo ni uhandisi, ukitaka neno kubwa. Kuichonga ilinitoa jasho kuliko sehemu nyingine yoyote. Nilichukua kamba ya mkonge, nikaichambua hadi nikapata uzi mmoja mmoja. Nikachomeka pini za fundi cherehani kwenye kibao kwa mpangilio wa pembe sita, milimita tatu kati ya pini na pini, nikawa nasokota nyuzi mbilimbili kuzizunguka, vile waya wenyewe unavyosokotwa. Juu yake gundi ya mbao niliyoizimua kwa maji. Ikikauka, unang'oa pini kwa koleo moja baada ya nyingine huku umebana pumzi, kwa sababu ukivuta kwa pupa wavu wote unakuja na pini.

Halafu mtu aje kwangu aseme niitoe, niweke ya kwenye picha.

Kamkebe ka egzosi ni ka Kimbo, yale mafuta ya kupikia. Egzosi inatazama juu, Mau Narok ina mvua ya mawe, maji yakiingia huko utalia. Mtu yeyote aliyekulia shambani hahitaji kuelezwa hilo, na nashangaa tumefika mahali ambapo Mkenya mzima anahitaji.

Ninachokataa ni hiki: kwamba usahihi wa modeli unapimwa kwa kuilinganisha na trekta ilivyotoka kiwandani siku ya kwanza. Massey Ferguson 135 zilianza kutoka Coventry mwaka 1964, zikatoka kwa wingi ajabu, zote zikiwa na madigadi zinazolingana. Hizo zina katalogi, zina vitabu vya vipuri, zina wazee huko Ulaya wanaozipaka nyekundu ileile na kuzipeleka kwenye maonyesho siku ya Jumapili. Zimeshatunzwa, tunashukuru. Mimi nikichonga moja zaidi nitakuwa nimethibitisha nini, zaidi ya kwamba najua kushika randa?

Ya mzee ni moja. Hakuna kitabu cha vipuri kitakachokuonyesha jinsi fundi wa Nakuru alivyooanisha madigadi ya Ford na ekseli ya Massey. Hakuna picha ya mtandaoni yenye kiti cha gunia kilichojazwa manyoya ya kondoo. Hiyo leva ya gia iliyopinda kushoto haiko kwa mtu mwingine yeyote duniani, na mzee alinishika mkono kabisa nilipokuwa nachora: "Kijana, usiinyooshe. Nikiiona imenyooka nitajua si yangu."

Na hapa utani naweka kando. Ukienda Ngata, kasri la Lord Egerton, mlowezi wa Kiingereza, lina kiingilio na mtu wa kukutembeza chumba kwa chumba. Ukiuliza habari za ngano ya Njoro, utasimuliwa juu ya Delamere, mlowezi mwingine, na ugonjwa wa kutu uliommalizia mazao. Sina ugomvi na hayo, ni historia. Lakini mashamba makubwa yalipogawanywa baada ya uhuru, watu wa ekari mbili, ekari tano, hawakuwa na trekta. Walilimiwa. Kulikuwa na mtu aliyeamka gizani, akamwaga maji ya moto kwenye injini iwake, akalima kwa fulani na kwa fulani, wengine wakamlipa, wengine wakamwambia subiri mavuno, na mavuno yakaja asilipwe. Huyo hana kasri. Akifa, vijana wake watamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, trekta itapandishwa mizani, itauzwa kwa kilo, na hakuna atakayejua kulikuwa na nati ya nane iliyopotea huko porini, mzee akaendelea kulima na saba. Kwa hiyo ndiyo, nimechonga saba, na tundu la nane nimelitoboa kwa keekee likabaki wazi.

Sasa, kwa shingo upande, nimpe mgeni haki yake. Si kila kosa ni kovu. Kuna vitu ukivikosea huwezi kujitetea kwa hadithi za mzee. Kwanza ni uwiano. Modeli yangu ni moja kwa nane, kwa hiyo rimu ya nyuma ya inchi 28 ni milimita 89 na ya mbele ya inchi 16 ni milimita 51, na usinipe kisingizio cha "nimekadiria kwa macho". Meno ya tairi ni kitu cha pili: ncha ya V inatakiwa itangulie kugusa udongo trekta ikienda mbele, kwa hiyo ukisimama nyuma ya trekta unaziona ncha zikitazama juu. Nimeona modeli nzuri sana, za bei kali, zenye tairi zilizofungwa kinyume.

Halafu kuna mikono mitatu ya nyuma inayoshika plau, ile aliyoibuni Harry Ferguson. Hapo sitaki mchezo, kwa sababu hapo ndipo trekta ilipoacha kuwa punda wa chuma wa kuvuta tu. Plau ikikutana na udongo mgumu, mkono wa juu unasukumwa mbele, unabana springi, haidroliki inahisi na kuinua plau kidogo, na uzito wote ule unalalia magurudumu ya nyuma yasiteleze. Mkono huo wa juu una nyuzi za skrubu pande mbili, za kulia na za kushoto, ili ukizungusha katikati urefuke au ufupike kwa mpigo. Kwenye mutamaiyo nyembamba kiasi hicho huwezi kuchonga nyuzi za skrubu; nimezungushia uzi wa kushonea viatu, upande mmoja kulia, upande mwingine kushoto, nikaupaka gundi. Fito ya kuinulia ya kulia ina mpini wa kuzungusha wa kusawazisha plau, ya kushoto haina. Mtu akiniwekea mipini miwili hajanichongea trekta ya mtu fulani. Amenichongea trekta isiyolima.

Kwa hiyo picha zenu za Uingereza nitumieni, nazihitaji kwa vipimo. Kwa vipimo tu.

Vile vifurushi vya mbao iliyokatwa na mashine ambavyo unaunganisha kwa gundi jioni moja, ni sawa kwa kumwanzishia mtoto. Wanaoniuliza "unauza ngapi?", hapana. Wanaouliza mbona mtu mzima anacheza na vitoto vya trekta, nanyi mnacheza na kamari ya mpira kwenye simu, tusiulizane. Na anayedhani nina pesa za kuchezea mbao: karibu vyote hivi ni masalio. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti Februari 2018 na mbao za Elburgon zikaanza kutafutwa kwa tochi, nilijifunza kutotupa kipande hata cha kidole, na hata rais alipotangaza kule Molo Julai 2023 kwamba marufuku imekwisha, tabia haikuniacha.

Nimebakiza plau. Ni ya diski tatu, na diski zina mbonyeo ambao patasi hainipi sawasawa, zinataka kukerezwa. Mafundi wa kukereza niliowaendea hapa mjini wanatengeneza miguu ya vitanda, na nikiwaonyesha kitu cha milimita themanini wanacheka, wananiambia nirudi nikiwa na kazi ya watu wazima. Anayemjua mkerezaji mvumilivu, iwe Lanet, Njoro au hata Kisumu, aniandikie. Mti mweusi ninao. Na diski ya nyuma kabisa itakuwa ndogo kuliko mbili za mbele, imelika. Mwambieni mapema asije akanirekebishia.