Komisheni ya nyumba Lubumbashi: ni ya aliyemleta mnunuzi au ya aliyefunga bei?

Nyumba ikikaa miezi bila kupata mtu, mwenyewe humchoka komisionere wake, yaani dalali wa nyumba, akampa kazi mwingine. Hiyo ni haki yake. Sheria ya mikataba tuliyo nayo tangu 1888 inamruhusu aliyemtuma mtu kumwondolea kazi hiyo, na kwa kuwa hapa karibu kila kitu hupatanwa kwa mdomo, mara nyingi hakuna hata muda uliowekwa wa kuvunja. Ugomvi huanza nyumba inapouzwa. Komisionere wa kwanza anafika getini na neno lake moja: "Papa, ni miye njo nilikuletea ule muntu."

Tuchukue mfano. Nyumba iko Kampemba, mwenyewe anaomba dola 60,000, na makubaliano ni asilimia 5. Komisionere wa kwanza analeta watu, mmoja anakagua vyumba, kisima na ukuta, anasema atarudi. Mwenyewe anabadilisha komisionere. Wiki kadhaa baadaye mtu yule yule anarudi na komisionere wa pili, wanafunga kwa 52,000. Komisheni ni 2,600, na kila mmoja anaidai yote. Mwenye nyumba akiwalipa wote wawili, zinamtoka 5,200 juu ya zile 8,000 alizokwisha kuzipoteza kwa kushusha bei.

Dai la komisionere wa kwanza lina uzito kuliko wenye nyumba wengi wanavyotaka kukubali. Hana mshahara. Teksi, uniti za simu, asubuhi nzima ya kumngoja mteja asiyetokea, vyote vinatoka mfukoni mwake, na nyumba isipouzwa hakuna anayemrudishia. Sheria nayo haiko mbali naye. OHADA, umoja wa sheria za biashara ambao Kongo iliingia 2012, unahesabu kazi ya kuunganisha muuzaji na mnunuzi wa nyumba kuwa ni biashara. Sheria yake ya biashara ya 2010 inasema dalali anastahili malipo mara taarifa aliyoitoa, au mazungumzo aliyoyaongoza, yakizaa mkataba. Moja kati ya hayo mawili linatosha. Basi aliyemwonyesha mnunuzi nyumba anaweza kudai hata kama siku ya kutia sahihi hakuwepo.

Mwenye nyumba naye ana la kujibu. Hapa lupango moja, yaani kiwanja na nyumba yake, huwa midomoni mwa makomisionere kumi kwa wakati mmoja, picha zake zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na mnunuzi anaweza kuletwa kwenye geti lile lile mara mbili na watu tofauti, kila mara akilipa pesa ya kutembelea. Kama kufungua geti kwanza kungetosha, komisheni ingekuwa ya mwenye mbio, hata kama baada ya pale hakupiga simu tena wala hakujibu swali moja kuhusu cheti cha usajili.

Kuna swali jingine ambalo watu hulipita haraka, nami naliona ndilo kiini: kwa nini mnunuzi alimwacha yule wa kwanza? Mara nyingi jibu ni bei ya juu. Mwenyewe amesema 60,000, komisionere anamwambia mteja 68,000 akitegemea kula tofauti kimyakimya. Mteja anakimbia. Akija kusikia bei ya kweli kutoka kwa mwingine, anarudi. Hapo wa kwanza hakunyang'anywa mnunuzi, alimfukuza mwenyewe. OHADA ni kali katika hili: dalali aliyejipatia ahadi ya malipo kwa upande wa pili bila aliyemtuma kujua anapoteza malipo yake yote, pamoja na gharama alizotumia. Mtu aliyefanya hivyo asilipwe hata dola moja.

Lakini aliyesema bei ya kweli, akamleta mnunuzi na kuendelea kumfuata, alipwe hata kama amekwisha kuondolewa. Mwenye nyumba anayembadilisha mtu wakati mazungumzo yameiva, ili kazi imalizwe na shemeji yake kwa komisheni ndogo, anakula jasho la mwenzake. Ibara ya 33 ya sheria ile ile ya 1888 inataka makubaliano yatekelezwe kwa nia njema, na makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano.

Shida ni ushahidi. Mahakama ya biashara ipo Lubumbashi, lakini kwa dola 2,600 wakili na safari za mahakamani vinaweza kumeza nusu. Kwa hiyo kesi inaishia kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, ambako anayeshinda ni mwenye mashahidi wengi. Wengine hukimbilia polisi ili deni lisomeke kama utapeli, jambo baya, kwa sababu deni la komisheni si kosa la jinai. Na wapo wanaolipiza kwa maneno: wanaeneza kwamba lupango ina mgogoro wa familia. Katika mji ambao kuta zimeandikwa kwa rangi kwamba parsele (kiwanja) hii haiuzwi, neno hilo peke yake linamtoa mnunuzi mbioni. Wenye nyumba wengi hulipa mara mbili kwa hofu hiyo, si kwa sababu wanadaiwa.

Ufaransa, sheria ya 1970 haimpi dalali komisheni bila karatasi ya kutumwa. Marekani, mkataba wa dalali mmoja huwa mara nyingi na muda wa ziada: akiondoka, wateja aliowataja kwa majina wanabaki wake kwa kipindi fulani. Hilo la pili tunaweza kulichukua kesho asubuhi bila kungoja bunge. Siku ya kuachana, komisionere aandike majina na namba za watu aliowaleta, bei aliyowatajia, na muda, tuseme miezi mitatu. Akiuziwa mmoja wao ndani ya muda huo, komisheni moja igawanywe kati ya wawili kwa kiasi kilichoandikwa. Nje ya orodha, hana dai.

Komisionere mpya aitie sahihi orodha hiyo kabla ya kuanza kazi. Akikataa, mwenye nyumba amtafute mwingine, maana anayeogopa kuyaona majina ya wateja wa mwenzake huenda tayari anazo namba zao.