Mitambo ya Lowell: ingurume au inyamaze?

Kabla ya kuingia chumba cha kufumia cha Makumbusho ya Boott, kiwanda cha zamani cha nguo za pamba mjini Lowell katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mgeni hupewa vizibo vya masikio. Dada yangu anaishi mji huo, wenye Wakenya wengi kiasi kwamba Kiswahili hakikosekani mtaani, naye alinihimiza nivivae mapema. Mlango ulipofunguliwa nikaelewa kwa nini. Mbele yangu zilikuwa zimepangwa mashine 88 za kufuma, safu kwa safu, mikanda ikishuka kutoka kwenye vyuma virefu vinavyozunguka darini. Zilizokuwa zikifanya kazi ni chache tu, lakini sakafu ilitetemeka mpaka nikausikia mtetemo kwenye meno. Mazungumzo hayawezekani humo. Unatazama tu: nyuzi za mtande, zile za urefu wa nguo, zinapanda na kushuka, na kipande cha mbao chenye ncha za chuma kinarushwa huku na huku kikibeba uzi wa mshindio, ule unaozikatiza, kwa kasi inayoshinda macho.

Nilitoka na swali ambalo watu wa makumbusho wamelibishania kwa miaka mingi, nasi wa Afrika Mashariki itatubidi kulijibu karibuni: mashine ya kale iendeshwe mbele ya wageni, au izimwe na kuhifadhiwe kila alama iliyo juu yake?

Kwanza kuhusu mji wenyewe. Viwanda havikujengwa Lowell. Lowell ndiyo iliyojengwa kwa ajili ya viwanda. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikaa Uingereza kati ya 1810 na 1812, akazitazama mashine za kufuma ambazo Waingereza hawakutaka siri zake zitoke nchini, akarudi nazo kichwani. Akishirikiana na fundi Paul Moody aliunda ya kwake huko Waltham, nayo ikaanza kazi 1814. Alifariki 1817. Wenzake wakayafuata Maporomoko ya Pawtucket kwenye Mto Merrimack, ambako maji hushuka karibu mita 10, wakachimba mifereji ya kilomita 9 hivi kuyagawa maji hayo kwa viwanda, wakaupa mji jina la marehemu. Kampuni ya Boott iliandikishwa 1835 na ikafunga kazi katika miaka ya 1950. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliifanya Lowell hifadhi ya taifa ya kihistoria. Sisi tukisikia hifadhi ya taifa tunawaza simba na nyumbu. Pale kinachohifadhiwa ni mifereji, magurudumu ya maji na kuta za matofali.

Wanaotaka mashine zinyamaze wana hoja nzito kuliko nilivyodhani. Mashine inayozunguka inajila. Gia inalika, mkanda unakatika, mbao inapasuka, na kila kipuri kinachobadilishwa kinaondoa sehemu ya kile kilichohifadhiwa. Kiwanda cha Draper kilichoziunda mashine hizo hakipo tena, kwa hiyo kipuri ama kinachongwa upya ama kinang'olewa kwenye mashine jirani. Baada ya miaka mingi ya maonyesho, mgeni anaambiwa anatazama mashine ya zamani, kumbe sehemu kubwa ya anachokiona ni kazi ya fundi wa jana. Halafu kuna alama za watu. Mpini uliolainika kwa viganja, mkwaruzo mahali ambapo mfumaji aliegemeza goti lake, herufi zilizochorwa kwa msumari: huo ni ushahidi ambao hauandikwi mara ya pili, na mara nyingi ndio wa kwanza kufutika mashine inapotengenezwa ili iendeshwe.

Hoja yao ya pili ndiyo iliyonisumbua zaidi: kelele inaweza kudanganya. Lowell inajulikana kwa wasichana wa mashambani waliokuja kufanya kazi humo katika miaka ya 1830 na 1840, wakiamshwa kwa kengele, wakifanya kazi saa 73 hivi kwa wiki. Waligoma 1834, wakagoma tena 1836. Katika miaka ya 1840 Sarah Bagley, mfanyakazi wa viwanda hivyo, na wenzake walikusanya saini kudai siku ya kazi ya saa 10, na sheria ya Massachusetts haikulikubali dai hilo mpaka 1874. Lakini mashine za Boott ninazozisema ni za aina ya Draper Model E, za mwanzoni mwa karne ya 20, na chumba kimepangwa kionekane kama cha miaka ya 1920. Zilikuwa na ufundi wa kujibadilishia uzi ukiisha, kitu ambacho wasichana wale hawakukijua. Kwa hiyo mgeni anasoma habari za 1836 huku akisikia sauti ya karibu miaka 90 baadaye, na wengi watatoka wakiwa wamevichanganya viwili hivyo.

Tena nilikaa humo dakika kumi, masikio yamezibwa, nikijua mlango uko wapi. Madirisha ya viwanda yalifungwa makusudi ili hewa ibaki na unyevu na nyuzi zisikatike, na vumbi la pamba likaingia vifuani mwa watu kwa miaka. Hilo halionyesheki. Anayetoka akisema sasa anajua maisha yao yalivyokuwa, amepewa mashine zilizowashwa lakini hajapewa ukweli wote.

Nao mfano bora wa kitu kinachofundisha bila kusogea uko mjini humohumo. Mhandisi mkuu wa mifereji, James B. Francis, alijenga lango kubwa la mbao juu ya mfereji mmoja mwaka 1850, likining'inizwa tayari kuangushwa iwapo mto ungefurika. Watu wakaliita upuuzi wa Francis. Mwaka 1852 mto ulifurika, lango likaangushwa, mji ukaokoka. Likatumika tena 1936. Lango hilo halihitaji kuonyeshwa likianguka. Unasimama chini yake, unatazama unene wa mbao, unasimuliwa habari ya 1852, inatosha.

Basi kwa nini bado nawaunga mkono wanaoziwasha?

Jibu langu linaanzia kwa shangazi yangu, aliyefanya kazi miaka 19 katika kiwanda cha nguo. Tangu utotoni tulimjua kuwa ni mtu wa sauti kubwa. Alizungumza jikoni kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto, na redio yake ilisikika nyumba ya tatu. Tulidhani ndiyo tabia yake. Hakuna aliyewahi kutueleza kwamba masikio yake yaliharibiwa na kazi iliyotulipia ada. Nililijua hilo pale Lowell, nikiwa mtu mzima, mlango wa chumba kile ulipofunguliwa. Maandishi ukutani nisingeyaamini kwa namna hiyo, na picha isingeweza kunieleza hata kidogo.

Najua hisia si ushahidi. Ila kuna maarifa ambayo yamo ndani ya mwendo. Mtu anayetazama mashine iliyozimwa anaona chuma, mbao na mikanda, lakini haoni kwa nini mikanda imepanda darini. Ikiwashwa, anafuata kwa macho: mhimili mmoja unazunguka, unazungusha mingine, na chumba kizima kinakula nguvu kutoka mahali pamoja. Hapo swali la mto linakuja lenyewe. Nguvu hizo zilitoka wapi kabla ya umeme? Ndipo unaelewa kwa nini Lowell ilikuwa chuo cha wahandisi, si mji wa nguo tu. Francis huyo wa lango alitumia miaka ya mwisho ya 1840 kupima na kuboresha gurudumu la chuma lenye mapezi, ambamo maji huingia kutoka pembeni na kutokea katikati, ili tone lisipotee bure. Gurudumu hilo linaitwa kwa jina lake hadi leo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya aina ya Francis, kila mmoja wa megawati 235. Taa nyingi za Dar es Salaam zina deni kwa vipimo vilivyofanywa kwenye mifereji ile ya pamba.

Tunao mfano wa upande wa pili nyumbani. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana garimoshi namba 5918, Mount Gelai, moja ya 34 za aina yake zilizoundwa Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Lina uzito wa tani zaidi ya 250. Nililiona likiwa baridi, watoto wa shule wakilipanda, na hakuna mtoto aliyeuliza maji yaliingilia wapi. Siwalaumu. Chuma kikinyamaza kinageuka sanamu, na sanamu hatuiulizi inafanyaje kazi.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wala kelele wala ukimya wa mashine havilifikii, nalo ndilo linalomhusu msomaji wa Kiswahili kuliko yote: pamba ilitoka wapi, na nguo ilikwenda wapi.

Pamba ilitoka Kusini mwa Marekani, ilikolimwa na watumwa. Mwaka 1848 Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts hiyohiyo, alisema wazi kwamba kuna muungano kati ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa mashine ya kufuma. Sehemu ya nguo ikarudi kulekule, nguo nzito ya bei rahisi ya kuwavika watumwa, nao wakaiita lowell. Jina la mji likawa jina la nguo ya mtumwa.

Sasa geuka upande wetu. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, bandari isiyofika mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Lowell, zikamimina Unguja nguo ya pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya jimbo hilo. Wazee wetu wakaiita merikani. Ikawa nguo, ikawa sanda, ikawa fedha. Kwenye njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, mtu alilipa ushuru na kununua chakula kwa shuka na kwa doti, na anayenunua khanga leo bado anasema doti bila kuwaza neno hilo limetembea umbali gani. Meli zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokausha pamba ya Amerika, nguo ya Bombay na ya Uingereza ilichukua nafasi, lakini jina la merikani likabaki.

Majina mawili ya nguo, basi, lowell na merikani, na yote mawili yalitolewa na watu ambao hawakuwahi kuukanyaga mji ule. Mashine ikinguruma, watu hao hawasikiki. Hapa nawapa haki yao wanaotetea ukimya: habari hii inataka chumba tulivu, kipande cha merikani mezani ambacho mgeni anaweza kukigusa, na muda wa kusoma. Natamani kipande hicho kiwekwe hatua chache kutoka kwenye mashine, ili mtu atoke kwenye kelele akutane nacho masikio yake bado yakivuma.

Msimamo wangu, kwa hiyo, unategemea mashine ipi. Boott ina 88 zinazofanana. Kuzichosha chache ili nyingine zibaki na alama zake ni gharama ya haki. Ingekuwa moja tu duniani, ningesema izimwe leo. Na mahali ambapo bado wapo watu walioziendesha, kuziwasha kuna uzito mkubwa zaidi, maana anayeziwasha anajifunza kwao.

Hapo ndipo naona haraka ya kwetu. Chukua viwanda vyetu vya nguo. Urafiki ya Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, Mwatex ya Mwanza, Kicomi ya Kisumu, Nytil ya Jinja: vyote hivyo vilikuwa vyuo vya mafundi. Rivatex ya Eldoret ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007 na kurudishwa kazini, na hiyo ni habari njema kwa nguo, lakini kiwanda kinachofanya biashara hakiwezi kuzitunza mashine zake za zamani kwa ajili ya wageni, wala hakina wajibu huo. Mashine ya zamani kwetu huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nasikia hoja kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina fedha za kuunda makumbusho ya vyuma. Ni hoja ya kweli, na sitaki kuipuuza. Kuendesha chumba kama kile cha Boott kunataka mafundi wa kudumu, vipuri na bima. Lakini kurekodi sauti na mikono ya waliofanya kazi humo kunataka simu tu na mtu mwenye subira.

Nilirekodi kelele ya Boott kwa video ya simu, nikampelekea shangazi kwa WhatsApp. Mpwa wangu aliyekuwa naye anasema aliisikiliza akiwa ameibana simu sikioni, mara tatu. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti, kwa sauti yake ileile kubwa: "Hapo katikati, moja imesimama. Uzi umekatika. Mbona hakuna anayeifuata?"

Nikaifungua tena video. Sekunde ya arobaini na kitu, nyuma ya mabega ya wageni, mashine moja ilikuwa imesimama kweli. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na sikuona.