Raha ya kanga na raha ya kaburini

"Raha jipe mwenyewe," husema kanga. Na mbele ya jeneza Wakatoliki huomba: "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Neno ni lile lile. Lugha inayompa neno moja bibi anayekwenda harusini na marehemu anayeombewa imekwisha kutuonyesha kwamba jambo hili lina kina. Mbona basi tunapoketi kufikiri kwa uzito tunazungumzia dhuluma, mateso na mauti, raha tukawaachia waimbaji?

Wanaoishuku wana hoja nzito. Sijaona iliyo kali kuliko ile ya Al-Inkishafi, shairi lililotungwa karne mbili hivi zilizopita juu ya kuanguka kwa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu. Majumba yaliyong'aa kwa taa sasa ni ya popo. Madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani, ndege wamelalia humo. Dunia hupita, na anasa zake nazo. Siwezi kulipinga hilo. Lakini kila nirudiapo beti hizo namwona mtu aliyezitazama starehe kwa makini mno. Mwenye kuzidharau tu asingekumbuka hata madaka.

Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefundisha katika bustani yake huko Athens hadi alipofariki mwaka 270 kabla ya Kristo, alisema raha ndiyo mwanzo na mwisho wa maisha mema. Wengi wakamdhania mlafi. Kumbe alitosheka na mkate na maji, na kipande cha jibini kwake kilikuwa karamu. Alichokitafuta ni utulivu wa moyo. Kiswahili kingemfaa: raha tunayo, anasa tunayo, na hatuzichanganyi.

Lipo pingamizi jingine, nalo nalikubali nusu: mcheza ngoma akianza kujiuliza kama anafurahi, mguu humpotea. Mwanafalsafa Aristotle alikwisha kuliona hili; kwake raha hukamilisha tendo lifanywalo vizuri, kama uzuri unavyoupamba ujana. Basi tuulize tunafanya nini, na kwa nani.

Wengine husema haya ni mawazo ya walioshiba. Hapo nakataa kabisa. Mwenye vingi hahitaji kuchagua. Mama mwenye fedha ya kitu kimoja tu, akaacha sukari akanunua kikuba cha asumini avae harusini kwa mdogo wake, amepima na kuamua. Wapo watakaosema amefuja. Mimi nataka kwanza nisikie hoja yake.