Mbuzi wa etaji

"We mutoto, sasa mbuzi inalala mu etaji, na miye shangazi yako ninalala chini?"

Ndivyo shangazi alivyonisalimia mara ya kwanza alipoliona zizi langu. Akalizunguka, akainama kuchungulia uvunguni, akaziba pua, akacheka hadi kitenge kikamlegea. Tangu siku hiyo kilima kizima kinawajua mbuzi wangu kwa jina hilo: mbuzi wa etaji, yaani wa ghorofa. Nimelikubali.

Naishi Bagira, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, nafundisha, na shamba langu liko upande wa Kabare, mwendo wa saa moja kwa miguu kama sina mzigo. Ni robo hekta ya mteremko. Nililirithi likiwa limechoka, na mtu wa Bushi, nchi yetu Washi, hahitaji kuelezwa shamba lililochoka likoje: udongo mwekundu unaoteleza, maharagwe yanayogeuka manjano kabla ya kutoa maua, mihogo yenye mizizi kama vidole vya mtoto. Babu alilima, baba akalima, kila msimu mvua ikateremsha udongo wa juu bondeni, na ng'ombe waliokuwa wakirudisha kitu ardhini waliishia kwenye vita.

Kwa hiyo niseme wazi, hata kama wengine watanicheka pamoja na shangazi: sifugi mbuzi kwa ajili ya nyama, wala mahari, wala pesa ya masomo. Nafuga kwa ajili ya mavi. Jike akizaa mapacha nafurahi, nikiuza dume nafurahi, lakini kitu ninachokihesabu kila mwisho wa mwezi ni mifuko ya mbolea.

Kwetu mbuzi hufugwa kwa kamba. Asubuhi mtoto anampeleka kando ya barabara, anapigilia kigingi, anakimbia shule, jioni anamrudisha. Shangazi amefuga hivyo miaka yote, na kuna wakati alikuwa nao wanane. Sasa mfuate mbuzi huyo tangu asubuhi hadi usiku. Mchana kutwa anaiwekea barabara mbolea. Usiku analala jikoni, na anachoacha pale kinafagiliwa alfajiri na kutupwa popote. Shamba la mwenye mbuzi wanane linabaki na njaa ileile ya shamba la asiye na hata mmoja. Na kamba ikikatika, ndipo yanapokuja maharagwe ya jirani, wazee kuitwa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi na mtama, ya kupatanisha. Mwaka mmoja shangazi alilipa mbuzi mmoja kwa kosa la mbuzi mwingine. Tena siku hizi migomba yetu ina ugonjwa wa kunyauka, na mnyama anayetafuna mgomba mgonjwa huku kisha akaenda kuonja mzima kule, anaweza kuuhamisha ugonjwa bila mtu kumshitaki.

Basi nikajenga. Nguzo za mikaratusi, sakafu ya fito iliyoinuka kutoka chini kiasi cha kufika kiunoni mwangu, bati kuukuu juu, hori la nje ambalo mbuzi hulifikia kwa kutoa kichwa tu. Uvunguni nikamwaga majani makavu, na pembeni nikachimba mfereji ili maji ya mvua yasipite humo. Jambo lenyewe liko kwenye fito. Mara ya kwanza niliziachanisha sana, mwanambuzi wa wiki mbili akatumbukiza mguu, ukavunjika. Nikabomoa, nikazibana, mavi yakakwama juu, sakafu ikawa tope, kwato zikaanza kuoza. Mara ya tatu fundi akaweka kidole chake kati ya fito na fito, akaniambia, "Mwalimu, hapa ndipo." Upana wa kidole. Punje zinapita, kwato hazipiti. Mkojo nao unapita, unanywewa na yale majani makavu, na huo ndio wengi wanaupoteza bila kujua kwamba una nguvu kuliko punje zenyewe.

Nina majike wanne na dume mmoja ninayewaazima majirani wawili. (Harufu yake sitaizungumzia.) Pamoja na mabaki ya chakula wanayoangusha, hao watano wananipa mifuko mitatu hivi kwa mwezi. Nairundika kivulini na kuifunika kwa majani ya ndizi, kwa sababu huku mvua inaanza Septemba na haiachi mpaka Mei, na rundo lisilofunikwa linalishwa mto. Baada ya miezi miwili au mitatu haina joto tena, inanuka udongo. Siitawanyi shamba zima, haitoshi. Natia kiganja kimoja kwenye kila shimo la maharagwe. Msimu wa kwanza sikuona tofauti kubwa. Msimu wa tatu maharagwe yanayopanda mitini yalipita urefu wa miti niliyoyasimikia, nikalazimika kuongeza miti.

Watu wanaona uzito uko kwenye kukata majani, na hawajakosea. Mbuzi wa kilo 25 anataka kilo nne au tano za majani mabichi kila siku, na majani yakichelewa anapiga kelele hadi barabara ya lami. Kijana ninayemlipa hukata mara mbili kwa siku. Lakini hatuendi mbali: matete na tripsakumu, nyasi za malisho, nimeyapanda kwenye kingo za mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na kaliandra, mti wa malisho, kwenye mpaka. Kinachoushika udongo ndicho kinachokatwa. Kutoka mjini nakuja na maganda ya ndizi, na maganda ya mihogo ambayo nayakausha kwanza juani, maana mabichi yana sumu. Mama mmoja anayepika kasiksi huniwekea machicha ya mtama. Nayatoa kidogo, kwa sababu siku niliyoyamimina kwa furaha jike mmoja alivimba tumbo nikakesha naye kama mgonjwa wa hospitali.

Faida ambayo sikuitarajia ni kupungua kwa minyoo. Viluwiluwi vyake hupanda kwenye majani mafupi yenye umande, na mbuzi wa kamba hula hayohayo mpaka mizizi, palepale alipokunya jana. Wangu hula majani yaliyokatwa juu, tena yaliyonyauka kidogo. Hata hivyo kila Jumamosi navuta kope ya chini ya kila mmoja: ndani ikiwa nyekundu, sawa, ikiwa nyeupe, kuna minyoo inayomnyonya damu, nampigia simu veterineri, daktari wa mifugo. Zamani nilikuwa nawapa wote dawa kila wakati, na minyoo ikaanza kuizoea dawa.

Sotoka ya mbuzi, ile Wafaransa wanaiita peste, haijali etaji. Nilinunua jike sokoni, mzuri, mwenye manyoya yanayong'aa, nikamwingiza kwa wenzake siku hiyohiyo. Siku ya nne machozi na kamasi, kisha vidonda mdomoni, kisha kuhara. Walikufa wawili, mmoja akiwa na mimba ya miezi minne kati ya mitano. Chanjo ipo, na sindano moja humlinda mbuzi kwa miaka kadhaa; nilikuwa naiahirisha kwa ajili ya pesa ambayo haifiki hata mguu mmoja wa mbuzi. Ugonjwa huu una undugu na ile sotoka ya ng'ombe iliyotangazwa mwaka 2011 kwamba imekwisha duniani. Sasa kila mgeni anakaa peke yake wiki tatu nyuma ya choo.

Najua jibu nitakalopewa: mbuzi ni benki. Sibishi. Mwaka 2025 benki za Bukavu zilipofunga milango, niliuza dume kwa pesa taslimu huku wenzangu wenye akaunti wakikaa kutazama simu zao. Ila huwa nawauliza wanaosema hivyo: mbona benki yenu mnaifunga kando ya barabara?

Na miradi nayo. Wanakuja na lori, picha zinapigwa, kila mama anapewa mbuzi mmoja kwa ahadi kwamba mtoto wa kwanza atakwenda kwa jirani. Baada ya miezi mitatu, nusu ya mbuzi wameliwa au wamekufa, na wanasema wakulima hatuna nidhamu. Mama asiye na hata mstari mmoja wa matete amepewa kinywa cha kulisha. Ningekuwa mimi, ningeanza na vipandikizi vya majani msimu mmoja, kisha fito na misumari, mbuzi angekuja mwisho.

Liko jambo moja ambalo hata mimi sijalitatua. Kando ya robo hekta yangu nalima kipande kingine kwa bwasa, kodi ya msimu kwa msimu. Mwaka juzi nilikitia mbolea. Mwenye shamba alipita, akayaona maharagwe, akasema kwa heshima zote kwamba msimu unaofuata angependa kulima mwenyewe. Kalinzi, ile haki ya kudumu ya shamba, kwa bei za sasa siiwezi. Ndiyo maana majirani wengi wanaolima kwa bwasa wanaacha mbolea itupwe, na siwezi kuwaita wajinga. Mwenye shamba amerudi mwezi uliopita, anataka nikichukue tena kipande chake. Nimemwomba miaka mitatu kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili. Amesema atafikiri. Rundo liko kivulini, nimelifunika.