Umeme Wangu Ngapi Leo

Hizi taa za Krismasi zinanitafuta ubaya. Mara zing'ae mara zififie, ukiangalia dirishani unadhani nyumba inasinzia. Nikasema hapana, mtu mzima mwenye familia siwezi kukisia umeme unaoingia kwangu. Nikashuka Kariakoo nikachukua Arduino, kale kakompyuta kadogo ka kujiundia vifaa, na kisensa cha ZMPT101B cha kupima volti za umeme na kioo cha kuonyesha namba (muuzaji ananiuliza kaka hilo si bomu), nikaazima mita ya kupimia umeme nikazungusha kale kaskrubu ka kisensa mpaka namba zikalingana na za mita, nikafungia vyote kwenye boksi la plastiki maana upande mmoja wa kile kisensa ni umeme wa ukutani, hauna utani.

Kuwasha, volti 188. Inatakiwa 230, na hata ukipunguza asilimia 10 ni 207!

Halafu naona inashuka 163, inarudi, inashuka. Kusikiliza vizuri, chrrrr, jirani fundi mageti anachomelea. Nikavaa shati la mikono mirefu nikaenda kumwita kistaarabu.

"Fundi, unaona 163? Ni wewe."

"Mimi? Bosi si niko hapa sebuleni kwako?"

"Dogo wako je?"

Akapaza sauti dirishani, "We dogo, acha!" Ikapanda 189. "Haya choma!" 164. "Acha!" 190. Mama wa saluni kaingia na mteja ana rola kichwani, watoto wanashangilia kila ikipanda, mimi nasubiri kuombwa msamaha. Fundi katingisha kichwa weee, akasema, "Bosi umetusaidia sana, nilikuwa nachomelea kwa kubahatisha."

Sasa kila asubuhi kabla sijanawa, hodi. "Bosi, umeme ngapi leo?" Nikimwambia 215 anakimbia kuwahi kuuvuta!

Mke wangu kauliza swali moja tu, "Kinaongeza?" Nikamwambia hakiongezi mama, kinapima. "Aaa, kwa hiyo pasi itapata moto wa kupimwa." Na kweli, kwenye 170 pasi inabaki na nusu ya moto wake na ushee, shati la kanisani nimevaa na mikunjo yake. Mimi nikishajua ni 170 nifanye nini sasa? Niisukume? Nimpigie nani, yule wa huduma kwa wateja anayeniambia subiri kwenye laini mpaka nachoka?

Na shemeji wa Moshi anauliza tunakuja lini. Nauli za Desemba kaziona lakini?