Fundi wa Kwetu Mbona Hasaini?

Kuna gereji ndogo huku Italia, nje ya Verona, mafundi wawili tu, imenifurahisha na kunikera kwa mpigo. Wanachukua Moto Guzzi California, lile pikipiki kubwa la kukalia kwa kujiachia, miguu mbele, wanalivua mpaka fremu, halafu wanalivisha upya wanavyojua wao. Tangi la alumini limegongwa kwa mkono, madigadi ya nyuma yamekatwa, kiti cha ngozi kimeshonwa palepale. Injini hawaichezei. Silinda mbili zimechomoza kushoto na kulia, na nguvu inafika nyuma kwa shafti, kwa hiyo habari za mnyororo kulegea sahau. Guzzi wako Mandello del Lario, kando ya ziwa Como, tangu 1921.

Raha ni hiyo. Kero ni kibati cha ukubwa wa kidole gumba kilicho chini ya kiti, mahali hata mwenye pikipiki hachungulii. Kimepigwa chapa jina la gereji na namba ya kazi. Yaani wamesaini kazi yao, na fundi wa kwetu hasaini.

Najua mtakachosema. "Umekula pasta kidogo tu, umeanza kutuona washamba." Haya, tulieni. Mimi nimekulia Dar, mtaa wa mafundi wa Gerezani naujua. Nimeona fundi akikunja bomba la ekzosi kwa macho tu, bila kipimo, na likakaa. Nimeona pikipiki ya Boxer iliyogongwa na lori ikanyooshwa fremu, na jioni ileile imebeba abiria watatu na kreti ya soda. Hawa Waitaliano wana taa nzuri, kahawa na kila mashine. Wanyang'anye umeme siku mbili tuone.

Kwa hiyo sisemi fundi wetu hajui kazi. Nasema kazi yake haina mwenyewe. Gadi, kile chuma cha kinga kinachochomelewa kwenye pikipiki, ikikatika njiani ukimrudia, atakwambia ulipakia mzigo mkubwa. Ukimbana sana, kumbe aliyechomelea ni "kijana mmoja hivi, hayupo tena." Hapo advansi ulishatoa, na ile "njoo kesho" umeimezea wiki nzima.

Huku ukibadilisha vitu vya msingi vya muundo wa pikipiki, kifungu cha 78 cha sheria ya barabarani kinataka ofisi ya serikali, Motorizzazione, ikague na mabadiliko yaandikwe kwenye kadi ya chombo. Usipofanya hivyo kuna faini, na kadi inachukuliwa. Chombo kipya kinakaguliwa baada ya miaka 4, kisha kila miaka 2. Msidhani Waitaliano wanaifurahia ofisi hiyo. Wanailaani kwa mikono yote miwili, na foleni zake zingemkumbusha yeyote kaunta anazozijua. Lakini wale mafundi wana faili kwa kila pikipiki, na picha za mshono wa kuchomelea kabla haujapakwa rangi. Kabla! Kwetu rangi ndiyo inayoficha.

Mwingine atasema, "Tatizo umaskini, mteja hana hela." Kweli, mteja wetu anabana, na mimi nilikuwa nabana vilevile. Ila chapa ya nyundo kwenye bati ni shilingi ngapi? Mwingine atanikumbusha kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wanawapima mafundi wa mtaani na kuwapa vyeti. Safi sana, nawapongeza. Cheti kinaning'inia ukutani kikisema fundi ni nani. Mimi nataka gadi yenyewe iseme.

Binamu yangu anachomelea magadi ya bodaboda hapo mjini, na mshono wake, wallahi, ni msafi kuliko niliouona Verona. Nikampigia: bwana, chonga muhuri, gonga jina lako kwenye kila gadi. Akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, unanitakia mabaya? Likikatika si watanirudia mimi?"

Nikamwambia ndiyo, wewe hasa. Akakata simu, na tangu hapo ujumbe wangu anausoma tu, hajibu.